Mtani Aliyeniita Marehemu

Mguu wangu wa kushoto huamka ukiwa baridi. Hata kiangazi, siku zile kabla ya mvua ambapo Tabora nzima inatoka jasho, nikiugusa asubuhi ni kama nimegusa mtungi wa maji. Wa kulia una joto. Nimeanza na jambo hili kwa sababu wewe mwenye ugonjwa kama wangu utalitambua mara moja, na asiyekuwa nao hataelewa hata nikimweleza mpaka jioni.

Mimi si mtu wa kusema sana. Shuleni mwalimu akiuliza swali nilitazama chini, hata kama jibu nilikuwa nalo. Nilifika darasa la sita, nikaugua, shule ikaishia hapo. Naandika polepole na mkono unachoka. Lakini nilipokuwa nimelala nilitamani sana mtu aniambie ukweli kuhusu mazoezi. Kila aliyekuja aliniambia, "Fanya mazoezi, Elia." Hakuna aliyeniambia mtu anapata wapi moyo wa kuyafanya kesho, na kesho kutwa, na mwezi ujao, wakati mguu haumwambii hata asante.

Niliugua Kaliua. Nilikwenda kwa mjomba kumsaidia kuvuna karanga, mvua zilipokuwa zinakatika. Homa ikaja, kichwa kikauma, shingo ikakaza. Mjomba alisema ni malaria, na mimi niliamini, maana nani hajaugua malaria? Homa iliposhuka wote walifurahi. Mke wa mjomba akapika uji akatia asali. Nikasema nataka kutoka nje kidogo. Niliweka miguu chini, nikasimama, na mguu mmoja haukuwepo. Nilianguka juu ya sufuria ya uji. Mke wa mjomba alicheka kwanza, akidhani ni udhaifu wa homa. Kisha akaniona nimeukamata mguu kwa mikono miwili nikiuvuta, akaacha kucheka.

Walinipakia kwenye treni nikiwa ndani ya blanketi, wanaume wawili wameshika pembe huku na wawili huku, kama wanavyobebwa wanyama. Mjomba akanilaza karibu na dirisha nione nje. Njia yote mpaka Tabora niliona miyombo inapita, na nilikuwa na wazo moja tu, kwamba miti ile haina haja ya kutembea.

Hospitali tulikaa barazani kwenye benchi la saruji. Kila mgonjwa alikuja na chupa yake ya dawa mkononi, na waliokuwa wameketi walisogea kidogo kidogo kuelekea mlangoni. Mimi sikuweza kusogea, kwa hiyo mama alininyanyua na kuniweka, akaninyanyua na kuniweka, asubuhi nzima. Daktari, Mzungu mrefu, alinigonga goti kwa kinyundo kidogo. Goti la kulia liliruka. La kushoto lilinyamaza. Akagonga tena, na tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Kisha akasema maneno kwa Kiingereza na akaenda kwa mwingine.

Aliyenieleza ni dresa, yaani msaidizi wa daktari, Msukuma mmoja mnene mwenye sauti ya chini.

"Mguu huu una nyama zilizokufa na nyama zilizolala," alisema. "Zilizokufa basi. Zilizolala tutaziamsha kwa mazoezi. Ukiziacha zitazifuata zilizokufa."

"Mpaka lini?" mama akauliza.

"Kila siku, mama."

"Nauliza mpaka lini."

Dresa alimtazama, akarudia, "Kila siku."

Nilikaa wodini mpaka mahindi yalipokauka mashambani. Kisha nilirudi nyumbani, mtaa wa Cheyo.

Nitasema jambo ambalo wewe uliyelala utalijua pia. Si rahisi kuona mguu mmoja unakonda na wewe mwenyewe hukondi. Paja likawa kama mkono. Ngozi ikalegea. Usiku nilijifunika shuka ili nisiuone, na mchana nilijifunika ili wengine wasiuone. Wavulana niliosoma nao walikuja mara moja. Walikaa kizingitini, wakazungumza juu ya mpira, wakakumbuka kwamba mimi nipo, wakanyamaza. Hawakurudi.

Baba yangu ni fundi mwashi. Ni mtu wa maneno machache, labda nilichukua kwake. Alichukua kitambaa cha marekani, akashona kifuko, akachekecha mchanga wa kujengea mpaka ukawa laini, akaujaza. Nilitakiwa kufunga kifuko kile kwenye mguu nikiwa nimelala mkekani, niunyanyue, niushushe. Halafu nisimame nikishika ukuta. Halafu nipande na kushuka kizingiti. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote. Mtoto wa miaka miwili angeimaliza na kwenda kucheza.

Mimi sikuifanya. Siku za kwanza nilifanya kwa sababu baba alikuwa anatazama. Alipokwenda kazini nilikifungua kifuko. Mama aliona, lakini alikuwa na huruma, na huruma yake ndiyo iliyonilaza. "Pumzika leo, mwanangu," alisema. "Kesho utafanya." Alinibeba kunipeleka chooni, kijana niliyeanza kuota ndevu, na siku moja nilisikia mgongo wake ukilia kama kamba inayokatika. Hakusema kitu. Tangu siku ile anatembea ameinama upande. Dada yangu mdogo, Nyamizi, aliachishwa shule ili achote maji na kunipikia mama anapokwenda shamba. Naye hakusema kitu. Nyumba yetu ilikuwa na upole mwingi kiasi kwamba ungeweza kufa ndani yake bila mtu kukugusa.

Ndipo alipokuja Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa jirani yetu, Mzaramo. Mume wake alifanya kazi ya reli, wakaletwa huku kwa treni, mume akafa, yeye akabaki akichoma vitumbua na kuvipeleka sokoni Kanyenye kuviuza. Hakuwa na mtoto. Na kwa kuwa yeye ni Mzaramo na sisi ni Wanyamwezi, alikuwa mtani wetu. Babu zetu walibeba mizigo ya misafara mpaka pwani, wakipita kwa Wazaramo, na Wazaramo wakawatoza hongo, yaani kodi ya kupita njia. Waligombana, wakapatana, wakaishia kuwa watani. Mtani anakutukana mbele ya watu na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika unatozwa kuku. Na siku ukifa, mtani ana kazi yake mazikoni: hulala njiani jeneza lisipite mpaka apewe kitu, humwiga marehemu alivyokuwa, na waliofiwa hucheka hata kama wana machozi. Maziko bila mtani ni kama chakula kisicho na chumvi.

Alipiga hodi asubuhi moja ya baridi, mkononi ana bua refu la mtama.

"Hodi! Marehemu yupo?"

"Karibu, Bi Tatu," mama akasema. "Marehemu yupi tena?"

"Huyu mpagazi wenu. Nimesikia amekufa mguu, nikasema mie mtani nisichelewe, msije mkamzika nikiwa sokoni."

Aliingia mpaka kwenye mkeka wangu. Nilikuwa nimejifunika. Akalifunua shuka, mbele ya mama na Nyamizi, akaweka bua lile kando yangu toka kisigino mpaka kichwani, akalivunja pale liliponifikia.

"Hiki kipimo cha kaburi," akasema. "Mrefu bure. Ila upande huu wa kushoto wachimbaji wasijisumbue, mguu huu unaingia kwenye tundu la panya. Ama kweli dunia imekwisha! Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, wewe mguu wako mwenyewe umekushinda kubeba?"

Nyamizi alicheka. Alijaribu kujizuia kwa mkono lakini kicheko kilitoka. Tangu niugue hakuna aliyecheka ndani ya nyumba ile, na cha kwanza kikawa juu ya mguu wangu. Nilichukua bakuli la uji, nikamrushia Bi Tatu. Lilimpata begani. Uji ukashuka kwenye kanga.

Mama alishika kichwa. Bi Tatu hakujifuta. Alinitazama kwa furaha kubwa.

"Amekasirika! Baba Elia, njoo! Mwanao amemkasirikia mtani!"

Baba alitoka uani. Aliuona uji, akaelewa. "Amekosa," akasema. "Nitakuletea kuku jioni."

"Kuku wako sitaki. Ulinirushia wewe? Alete aliyenirushia. Kwa miguu yake, mpaka mlangoni kwangu."

Mama akasema, "Bi Tatu, unamwona mwenyewe mtoto alivyo."

"Namwona. Mie sina haraka. Mtani akidai anadai."

Nilimtazama baba nikimwomba aniokoe. Baba akasema, "Haya." Hilo tu. Siku ile nilidhani ndiye mtu mkatili kuliko wote Tabora.

Alichagua kuku kishingo, mwekundu, asiye na manyoya shingoni, akamfunga uzi mwekundu mguuni ili ajulikane kwamba ana mwenyewe. Toka kwetu mpaka kwa Bi Tatu ni umbali wa kuitana bila kupiga kelele. Mtu mzima mwenye afya angekwenda na kurudi kabla ugali haujaiva. Mimi ilinichukua kiangazi chote, na mvua zote, na kiangazi kingine.

Sitaki kukudanganya kwamba tangu asubuhi ile nilipata ari. Nilipata hasira. Nilifunga kifuko cha mchanga kwa hasira na kuunyanyua mguu kwa hasira, nikiona sura ya Bi Tatu kwenye dari. Hasira inaamka na mtu asubuhi, hilo ni jema lake. Lakini inachoka kabla ya mguu. Siku nyingi nilifika katikati ya mazoezi, hasira ikaisha, na pale katikati hapakuwa na kitu kingine. Nililia. Nililia zaidi kwenye mazoezi kuliko kwenye ugonjwa wenyewe.

Bi Tatu alipita kila asubuhi na sinia la vitumbua kichwani. Adabu ilinilazimu kumwamkia.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, marehemu. Kuku wangu hajambo?"

"Hajambo."

"Ana afya kukushinda. Mwambie yeye ndiye akulete wewe."

Nilipoanza kutoka nje kwa mkongojo, nikishika ukuta wa nyumba, alifanya jambo lililonifanya nitake kurudi ndani milele. Alinyoosha mgongo, sinia liko kichwani, akaanza kuniiga. Aliburuta mguu wa kushoto, akatupa nyonga nje, akazungusha unyayo, akauma mdomo wa chini kama mimi ninavyouma bila kujijua. Hakuna kitumbua kilichodondoka. Watoto wa mtaa waligaragara kwa kicheko. Mimi ambaye kusalimia watu wawili kwa pamoja kunanitoa jasho, nilisimama pale nikatazama jinsi ninavyoonekana. Tangu hapo nilijua kutembea kwangu kama mtu anavyojua sura yake kwenye kioo.

Mvua zilipokuja niliteleza uani, nikaanguka juu ya mguu mbovu. Uvimbe ulinirudisha mkekani mpaka uyoga ukaanza kuuzwa barabarani. Nilipoanza tena, mguu ulikuwa umesahau yote, kifuko kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia. Jambo hili litakupata. Halinipi raha kukuambia, lakini litakupata, na utakaporudi mwanzo utajiona mjinga kwa kuwa ulidhani umeuacha nyuma.

Kila baada ya muda mama alinipeleka hospitali. Benchi ni lile lile. Palikuwa na mtoto mmoja mwenye mguu kama wangu, akija na bibi yake aliyekuwa akitugawia matobolwa, viazi vile vya kukausha, tutafune tukisubiri. Safari moja hawakuja. Iliyofuata hawakuja pia. Mama alisogea mahali pao bila kuuliza, na mimi sikuuliza.

Kuku nilimpeleka wakati miyombo inatoa majani mapya mekundu. Nilimfunga kifuani kwa kanga ya mama kama mtoto mchanga, maana mkono mmoja ulikuwa na mkongojo na mwingine nilitaka uwe huru nikianguka. Mama alitaka kunifuata. Baba akamshika mkono. Nilikwenda. Nilipumzika mara nyingi, kuku akinichungulia kwa jicho moja. Nilipofika, Bi Tatu alikuwa ameketi mlangoni, ameulaza ufagio kizingitini.

"Hapa Uzaramo," akasema. "Hakipiti kitu bila hongo."

Sijui maneno yalitoka wapi. Mimi huwa nayapata maneno siku ya pili, nikiwa peke yangu. Lakini nilisema, "Hongo babu zangu walikwisha lipa. Mlikula nguo, mkala shanga, mkala mpaka chumvi. Kama mngekuwa watu wa kushiba, leo usingekuwa unachoma vitumbua."

Bi Tatu alifungua mdomo. Kisha alicheka mpaka akalala chali pale mlangoni, miguu juu. "Marehemu anasema!" alipiga kelele. "Jamani, njooni, maiti imepata ulimi!" Alimpokea kuku. Hakumchinja kamwe. Alimwita Hongo, akalala naye chumba kimoja.

Ungefikiri hapo ndipo habari yangu inapogeuka kuwa njema. Mimi nilifikiri hivyo. Moyoni nilikuwa nimeamini kwamba nikifika mlango ule mguu utakuwa umepona, kama malipo. Nilirudi nyumbani, nikavua shuka, nikautazama. Ulikuwa ule ule, mwembamba na baridi.

Safari iliyofuata ya hospitali, dresa alinibonyeza paja kwa muda mrefu. "Umefanya kazi," akasema. "Sasa nikuambie kama mtu mzima. Zilizokuwa zimelala zimeamka. Nyingine hakuna. Mguu huu hautazidi hapa."

"Basi niache mazoezi?"

"Ukiacha utarudi nyuma. Fanya ili ubaki ulipo."

Nilirudi nyumbani, nikalala nikiugeukia ukuta. Hebu niambie wewe: kuamka kila siku, kuumia kila siku, si ili upone, bali ili usizidi kuharibika? Nani ana moyo huo? Nilikifungua kifuko, nikaumwaga mchanga uani. Baba aliupita jioni, akauona umetawanyika. Asubuhi nilikuta kifuko kimejaa tena, kimewekwa kando ya mkeka. Nikaumwaga. Kikajazwa. Nilichoka mimi kwanza, si kwa kukubali, ila nilikiacha tu kikiwa kimejaa na nikakaa nacho bila kukifunga.

Kisha asubuhi zikawa kimya. Sinia halikupita. Nyamizi alisema Bi Tatu anaumwa, tumbo limejaa, hospitali wamemrudisha nyumbani.

Nilikwenda. Alikuwa amelala kitandani, uso umekuwa mdogo, na tumbo kama mtu mwenye mimba. Hongo alikuwa miguuni pake.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba." Akangoja. Nikabaki nikilitazama tumbo. Akanitazama, akageuza uso. "Usiniangalie hivyo. Hivyo ndivyo mama yako alivyokuangalia wewe. Mie nina wa kunihurumia wengi, wote hao wa msikitini. Mtani ninaye mmoja, naye amekuja kusimama kama nguzo."

Nikauchukua mkongojo wangu, nikaulaza kando yake, toka kisigino mpaka kichwani.

"Nimekuja kuchukua kipimo," nikasema. "Urefu hauna shida. Ila kwa tumbo hili wachimbaji watadai posho mara mbili."

Alicheka. Kicheko kilimuumiza, akashika tumbo, akaendelea kucheka. Alipotulia aliniambia jambo alilokuwa nalo.

"Watanizika vizuri, najua. Sanda ipo, dua ipo. Lakini watanizika kimya, kama mtu asiyekuwa na kwao. Kwetu Mzaramo hazikwi kimya, wewe. Makaburini unapajua, kule kwenye njia ya zamani ya misafara. Utafika?"

"Ni mbali, Bi Tatu."

"Najua ni mbali. Nimekuuliza utafika?"

Siku iliyofuata nilifunga kifuko.

Kuanzia hapo nilitembea kila asubuhi kuelekea makaburini, nikirudi pale nguvu zilipoishia, na kila baada ya siku kadhaa zikiishia mbele kidogo. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na sababu, nayo ilikuwa sababu mbaya kuliko zote. Nilikuwa najizoeza kumzika mtu niliyempenda. Njia ile wapagazi wa zamani waliipita na mizigo kichwani, na mimi niliipita na mguu wangu, nikifikiri kwamba kila ninavyokaribia kule, yeye naye anakaribia.

Siku niliyoliona lango la makaburi niliogopa. Nikajiambia, siendi tena. Nisipokuwa tayari, hawezi kufa. Nililala mkekani siku nyingi nikiamini hivyo. Usinicheke, ugonjwa unafundisha mtu hesabu za ajabu. Mwisho Bi Tatu alimtuma Nyamizi.

"Amesema, mwambie marehemu, kama ananisubiri nipone ili asitembee, basi ni mvivu hata wa kuzika."

Nikainuka. Nilikwenda mpaka langoni, nikaligusa, nikarudi. Nilimpitia mlangoni kwake, nikamwambia, "Nimefika." Hakuweza kucheka tena. Alinyanyua kidole, kama anayedai.

Alikufa mvua za kwanza zilipoanza, asubuhi. Walikuwa wamzike baada ya sala ya adhuhuri. Waislamu hawaendi na jeneza polepole, wanapokezana mabegani na kwenda mbio, na mimi nilijua sitaweza kufuatana nao. Kwa hiyo, wakati wanawake wanamwosha, nilimwomba mmoja wao sinia lake la vitumbua, nikaondoka peke yangu. Mama alikuwa analia mlangoni. Baba alinisindikiza mpaka barabarani, akanipa mkongojo, akarudi.

Njia ilikuwa na tope. Nilianguka karibu na mwanzo, na tena baadaye. Nilipofika mahali ambapo njia inabana kabla ya lango, nilisikia sauti zao nyuma zikija kwa kasi. Nikajilaza chali katikati ya njia, sinia kifuani.

Walisimama. Kijana mmoja wa mbele alisema, "Nani huyu? Ameanguka?"

Mzee mmoja akasema, "Huyu Mnyamwezi. Mtani wake. Muacheni."

"Hapa Unyamwezi," nikasema nikiwa chini. Nilisema hivyo nimefumba macho, maana walikuwa watu wengi na wote wananitazama. "Hakipiti kitu bila hongo. Huyu bibi ametutoza maisha yake yote. Leo alipe."

Mtu mmoja akacheka. Mzee akavua kofia yake, akaniwekea juu ya sinia. "Chukua, mtani, tupishe."

Nikajaribu kuinuka. Mguu ulikataa. Niliuvuta, ukateleza kwenye tope, nikaanguka tena, na wao wakazidi kucheka, wakidhani naigiza. Sikuwa naigiza. Hakuna aliyekuja kunishika, kwa kuwa mtani hashikwi akiwa kazini. Nilijigeuza kifudifudi, nikapiga goti la kulia, nikauma mdomo, nikasimama.

Nikaweka sinia kichwani. Nikauweka mkongojo kando ya njia. Nikanyoosha mgongo kama yeye, nikabinua midomo kama yeye, nikamwiga Bi Tatu akiniiga mimi. Niliburuta mguu wa kushoto, nikatupa nyonga nje, nikazungusha unyayo. "Marahaba, marehemu!" nikapiga kelele nikiligeukia jeneza. "Kuku wangu hajambo?" Watu waliokuwa wanamjua, waliokula vitumbua vyake, walicheka mpaka jeneza likatikisika mabegani mwao. Niliwatangulia hivyo hadi langoni. Nilikuwa nalia lakini nilikuwa na mvua usoni.

Habari yangu ni hiyo. Mguu haukuzidi pale dresa aliposema. Mgongo wa mama haukunyooka, na Nyamizi hakurudi shule. Hongo yuko kwetu, anataga.

Utaniuliza, wewe uliyelala, mtu anapata wapi moyo wa kufanya mazoezi. Nimeandika yote haya na naona sikuwa nao siku hata moja. Kesho yake baada ya maziko niliamka, mvua inanyesha, mguu ni baridi. Kifuko kilikuwa kando ya mkeka kimejaa. Nilingoja. Hakuna sinia lililopita, hakuna aliyepiga hodi. Nilingoja mpaka nikaelewa kwamba sitaitwa tena.

Basi nikajiita mwenyewe, kwa sauti yake. Nikafunga kifuko, nikaunyanyua mguu.